Mteja wa Kwanza wa Mzee Tejinder

Kila asubuhi, kabla hajasalimia mtu, Mzee Tejinder Singh alimwagia kizingiti maji. Alitumia kikombe cha bati kilichong'oka mkono. Alirusha kidogo kulia, kidogo kushoto, na kilichobaki alikitupa barabarani bila kuangalia nani anapita. Wakati huo alikuwa akinong'ona maneno. Bethwel, fundi wake wa kuchomelea vyuma, alishikilia kwamba nusu ya maneno hayo ilikuwa dua na nusu matusi kwa watu wa manispaa, ila hakuna aliyejua nusu ipi hutangulia.

Baada ya maji mzee aliketi kwenye stuli iliyotazama barabara, akaweka chupa ya chai kando ya mguu, na asiifungue. Ilikuwa chai ya tangawizi, nzito, ya maziwa ya Rongai, na harufu yake ilipenya kizibo ikaenda kuwatesa mafundi waliokuwa nyuma. Lakini haikunywewa. Chai hainywewi kabla ya boni.

Boni ni mauzo ya kwanza ya siku, na kwa ukoo wa Mzee Tejinder lilikuwa jambo zito kuliko Krismasi kwa Wakristo. Babu yake, aliyeacha kazi ya reli akaanza kuunda plau, alimfundisha baba yake, na baba yake akamfundisha yeye, wakati mwingine kwa kofi: mteja wa kwanza ndiye anayeifungua siku. Akinunua, hata kama ni nati moja, siku imefunguka. Akishikashika vitu, akauliza bei, akaondoka mikono mitupu, siku imeganda kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Kwa hiyo mteja wa kwanza hakuachwa aondoke. Bethwel aliwahi kumwona mzee akivuka barabara mbio, kilemba kimelegea, akimfuata mtu aliyekuwa ameulizia bawaba tu, na akarudi naye ameshamuuzia bawaba hiyo kwa bei ya aibu.

Hakuna fundi aliyecheka desturi hiyo. Mama zao waliuza sukuma na nyanya Kaptembwo, na kila alfajiri walimwambia mnunuzi wa kwanza, "Nifungulie, mama." Walichocheka ni ile chupa ya chai. Maana mwaka huo, tangu fujo za uchaguzi za Januari, mashine za kukatia ng'ombe majani ya nepia hazikuwa zinanunuliwa. Watu walinunua unga na kufuli. Ng'ombe wengi walikuwa wamehama, wengine pamoja na wenyewe, wengine bila wenyewe. Kuna siku chupa ilikaa imefungwa hadi jua la utosi, na Mzee Tejinder asiyekunywa chai alikuwa mtu wa kuogopwa kuliko umeme wa mashine ya kuchomelea.

Nyuma ya rafu ya visu vya mashine, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya grisi na bado kilinuka hivyo, alikaa Chepkemei. Alikuwa na shahada ya kompyuta aliyoipata Njoro, miwani iliyofungwa kwa uzi, na riwaya iliyofichwa chini ya kibodi. Alikuwa mtu wa haya. Akiulizwa swali kwenye karatasi angelijibu kurasa nne na kuomba karatasi ya ziada; akiulizwa kwa mdomo alijibu "sawa", hata pale ambapo sawa haikuwa jibu. Mwaka mzima alikuwa amefanya kazi pale na hakuwahi kumuuliza mzee swali hata moja.

Aliyemwajiri hakuwa mzee. Alikuwa Kavita, binti pekee wa mzee, mfamasia huko Leicester, Uingereza, ambaye hakuwa amekanyaga Nakuru tangu mazishi ya mama yake, Bhagwanti. Kavita ndiye aliyeitengeneza tovuti ya karakana, akailipia, na akamtafuta Chepkemei kwa barua pepe. Masharti yake yalikuwa mawili. Tovuti isilale. Na kila wiki iwekwe picha mpya ya mashine iliyoundwa wiki hiyo, baba yake akiwa amesimama kando yake, ili wateja waone ukubwa wa mashine. Tovuti ikifa, aliandika, kazi nayo imekufa.

Chepkemei aliyashika masharti hayo kama mtu anayeshika tawi katikati ya mto. Kwao Olenguruone mjomba wake alikuwa tayari na mipango miwili iwapo kompyuta zingemshinda. Wa kwanza ulikuwa kufundisha chekechea. Wa pili ulikuwa mgane mmoja mwenye shamba kubwa la viazi, ambaye sifa zake zote, ukimsikiliza mjomba, zilikuwa chini ya udongo.

Kazi yenyewe haikuwa na fujo. Tovuti ilikuwa imepangishiwa nafasi kwenye kampuni moja ya Texas, na kampuni hiyo ilitunza logi mbili, yaani daftari za kumbukumbu. Ya kwanza iliandika kila aliyeingia: ametoka wapi, ameangalia nini, saa ngapi. Ya pili iliandika waliojikwaa: aliyetafuta ukurasa usiokuwepo, aliyekuta mlango umefungwa. Chepkemei alizifungua kila siku, akarekebisha kilichovunjika, kisha akarudi kwenye riwaya yake. Hakuna aliyemsumbua, mpaka asubuhi moja ya mvua za Aprili, kiu ilipomwinua Mzee Tejinder kutoka kwenye stuli ikamleta mlangoni pake.

Alitaka kujua kama kwenye hiyo kompyuta kuna mtu ameingia leo. Chepkemei, bila kuinua macho, akamgeuzia kioo. Mzee akavaa miwani, akainama, na ndevu zake zikafunika nusu ya kibodi. Aliuliza mbona tarehe imebadilika sasa hivi tu. Chepkemei alieleza kwa maneno machache kadiri alivyoweza kwamba hiyo ni saa ya Texas, na kwamba saa sita ya usiku wa huko ndiyo saa mbili ya asubuhi ya hapa.

Mzee Tejinder naye alifungua karakana saa mbili, kama baba yake, kama babu yake.

"Kumbe hata Texas wanafungua na mimi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetokewa na malaika.

Tangu siku hiyo alikuwa na maduka mawili. Alimwaga maji, aliketi, akaipa barabara nafasi ya kujirekebisha. Barabara ikishindwa, alikuja mlangoni pa Chepkemei akauliza, "Nani wa kwanza?"

Wa kwanza, siku zote, alikuwa roboti.

Chepkemei alijaribu kueleza. Ilikuwa roboti ya mtambo wa kutafutia habari, wa California. Ilikuja kila siku, ikasoma kurasa zote moja baada ya nyingine, hata ule wa masharti ya matumizi ambao hakuna mwanadamu aliyewahi kuusoma, akiwemo yeye aliyeuandika.

"Inanunua?" mzee aliuliza.

"Hapana."

"Inauliza bei?"

"Haiulizi kitu, Mzee."

"Inaingia duka yangu kila siku, inashika kila kitu, hainunui, halafu ndio ya kwanza?" Alimtazama Chepkemei kama daktari aliyepata jipu. "Funga."

Chepkemei alijua kufunga roboti ile ni sawa na kupaka tope kibao chako cha barabarani. Alikuwa na hoja, na angeziandika kwa mpangilio mzuri sana. Ulimi wake ukatoa, "Sawa, Mzee." Akaingia sehemu ya akaunti ya kuzuia wageni, akaandika anwani za roboti, akabonyeza.

Wiki chache zilizofuata wageni walipungua kama watu kwenye mazishi baada ya chakula. Logi ya wanaoingia ilikonda. Ile ya waliojikwaa ikanenepa. Roboti haikukasirika. Kila siku ilifika, ikakuta mlango umefungwa, ikaondoka, na kesho yake ikarudi. Mzee, aliyekuwa sasa akitaka aonyeshwe logi zote mbili, akaanza kuistahi.

"Haina aibu," alisema. "Kama Shital."

Shital alikuwa jirani yake Milimani, mjane wa umri wake, aliyeingia katika kila jiko la mtaa, akafunua kila sufuria, asile kitu, na kufikia jioni watu wa hekalu la Kalasinga, wa hekalu la Wahindu na nusu ya msikiti wakawa wanajua nani anakula dengu siku ya tatu mfululizo. Chepkemei aliona upenyo. Akaiambia kibodi, maana kumwambia mzee mwenyewe asingeweza:

"Ndiyo kazi yake, Mzee. Haili. Inaenda kutangaza."

Mzee Tejinder alizisugua ndevu kwa muda mrefu. Halafu akakiri kwamba Shital huyohuyo ndiye, zamani, aliyemwambia baba yake Bhagwanti kuwa kuna kijana wa karakana mwenye mikono mizuri na meno yote. Hakuwa amenunua chochote, wala kuuza. Lakini bila domo lake pasingekuwa na arusi.

"Fungulia," alisema. "Lakini isihesabiwe. Shital hafungui siku, na hafungi."

Ndipo, roboti ilipoondolewa kwenye hesabu, akaonekana yule aliyekuwa nyuma yake.

Kila siku, tarehe ya Texas ikishageuka tu, aliingia mgeni mmoja kutoka Leicester. Hakupitia ukurasa wa mbele. Hakugusa bei. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha ya wiki, akakaa hapo, akatoka. Chepkemei alimjua tangu zamani. Anwani yake ya mtandao ilikuwa ileile iliyokuja na barua pepe za Kavita. Alikuwa ameshazoea kumwona hapo alfajiri ya kwao, pengine na kikombe mkononi, kabla ya kwenda kazini. Kumtaja kwa mzee hakukuwahi kumjia akilini, kama vile mtu hamtaji jirani anayechungulia dirishani kuona kama taa inawaka.

"Nani wa kwanza?" mzee aliuliza.

"Mtu wa Leicester, Mzee."

"Anaangalia nini?"

"Picha ya wiki hii."

"Mashine ama mimi?"

"Picha ni moja, Mzee."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Alisema Leicester imejaa watu waliotoka Nakuru, na kwamba wote wanapenda kuchungulia na hakuna hata mmoja mwenye ng'ombe. Kisha akasema, "Funga."

Hapo Chepkemei alifungua mdomo. Mbele yake aliliona jina, jina lenyewe fupi, herufi sita tu. "Mzee, huyu pengine ni..."

"Boni, Chepkemei," mzee alisema kwa upole. "Boni."

Na Chepkemei, mwenye shahada, akamfungia nje mtu aliyemlipa, asikione kitu alichomlipa akitunze.

Bethwel alipopata habari ilibidi aizime mashine yake ili acheke vizuri. "Msomi wetu," alisema, "umefungia mdosi nje ya duka yake mwenyewe. Sasa anza kupenda viazi." Na kila alipopita dirishani siku hizo alimwuliza kama mgane anamtaka na miwani au bila.

Kesho yake logi ya waliojikwaa ilionyesha Leicester imebisha hodi. Ikabisha tena. Ikabisha tena na tena, kama mtu aliyesahau funguo ndani na anasikia sufuria inaungua. Mchana ikaja Leicester nyingine, ya anwani tofauti, pengine ya famasi. Hiyo haikuwa imefungwa, ikaingia hadi kwenye picha, ikakaa kuliko kawaida. Asubuhi iliyofuata mzee naye aliiona.

"Kuna Leicester mbili?"

"Ndiyo, Mzee."

"Funga na hiyo."

Barua pepe ya Kavita ilifika siku hiyohiyo. Aliuliza tovuti imekufa au vipi, na kama imekufa, baba yake ana nini, na kama hana kitu, Chepkemei ana nini. Chepkemei aliandika majibu matano mazuri akayafuta yote. Alikwenda kwa mzee na barua ikiwa imechapishwa, akaishika mbele yake kama mtoto mwenye ripoti mbaya. Mzee aliisoma hadi mwisho. "Mwambie iko sawa," alisema.

Ilikuwa kweli. Tovuti ilikuwa sawa kwa dunia nzima isipokuwa kwa nyumba moja na famasi moja. Chepkemei akaandika hivyo, *iko sawa*, na akajiona ametumbukia kwenye shimo alilochimba kwa kidole kimoja.

Kavita alipiga simu ya karakana. Mzee aliongea Kipunjabi kwa sauti ya juu, kama kawaida yake, kwa kuwa aliamini umbali ni umbali. Mafundi hawakuelewa ila neno la mwisho, maana waliwahi kulisikia vya kutosha. Kila kitu sawa. Mwezi wa Januari, Bethwel na mkewe na watoto walipokuwa wanalala stoo katikati ya visu vya mashine kwa sababu Kaptembwo hakukalika, na moshi ukionekana juu ya paa, Kavita alipiga simu hiyohiyo, na mzee akamjibu vivyo hivyo. Kila kitu sawa. Watoto wa Bethwel walikuwa wanalia nyuma yake. Tangu hapo Kavita hakuamini tena simu. Aliamini picha.

Chepkemei aliwaza kumfungulia kimya kimya. Lakini mzee sasa alikuwa anakuja kila asubuhi, na swali lake lilikuwa limebadilika. Hakuuliza tena nani wa kwanza.

"Leicester imebisha?"

"Imebisha, Mzee."

"Sana?"

"Sana."

Alitikisa kichwa, akarudi kwenye stuli yake. Siku moja Chepkemei alimsikia anaimba. Haukuwa wimbo wa dini. Bethwel alisema ni wimbo wa sinema, wa enzi za mzee na Bhagwanti, na kwamba mzee aliyemfungia mtu mlango halafu akaimba ni wa kupelekwa hospitali.

Picha ya wiki ilipigwa kama kawaida. Ilikuwa mashine kubwa kuliko zote za mwaka huo, na mzee alisimama kando yake akiwa amejinyoosha kama askari wa gwaride. Ilipopanda kwenye tovuti, logi iliandika kwamba waliiona roboti ya California, mtu mmoja wa Eldoret, na mwingine wa Kampala aliyeuliza bei, akaagiza, na kufungua siku hiyo vizuri sana. Leicester ilibisha ikakosa.

Halafu, siku moja, haikubisha.

"Leicester?" mzee aliuliza.

"Leo hapana, Mzee."

Chepkemei alitarajia apumue, kama mtu aliyeshinda kesi. Mzee alibaki amesimama mlangoni, mkono mmoja juu ya fremu. Akamwuliza kama ana hakika. Chepkemei akatafuta upya, juu hadi chini. Hakukuwa na kitu. Mzee akaenda nyuma, akamwamuru Bethwel afagie karakana yote, hata chini ya ile mashine iliyokufa ambayo haikuwahi kusogezwa tangu Moi aondoke. Akaagiza maziwa ya ziada. Kesho yake alikuja na kilemba kipya cha rangi ya waridi, na Leicester haikubisha tena.

Chepkemei alielewa jambo moja tu: Kavita alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huandika barua ya kumwachisha kazi mtu. Akaanza kuhamisha riwaya zake kutoka chini ya kibodi hadi kwenye mfuko. Alipojaribu kuiandika barua hiyo kichwani, aliikuta imeshaandikwa kwa Kiingereza kizuri, na mwisho wake ulikuwa viazi.

Siku iliyofuata kizingiti kilikuwa bado kimelowa gari la kukodi liliposimama mbele ya karakana. Alishuka mwanamke mwenye koti la baridi lisilohitajika Nakuru, nywele zimefungwa ovyo, sanduku likimgonga magotini. Mafundi wakaacha nyundo. Chepkemei alimjua kwa picha, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa rafu ya visu.

Mzee Tejinder hakuinuka kwenye stuli.

Kavita angeweza kumsemesha baba yake kwa Kipunjabi. Alimsemesha kwa Kiswahili, maana ugomvi wa maana unahitaji mashahidi.

"Papa, umekonda."

"Sijakonda."

"Kwa picha hukuwa hivi."

"Kwa picha nasimama na mashine kubwa," mzee alisema. "Kila mtu ni mdogo."

Bethwel alikohoa kikohozi kisichokuwa cha moshi. Kavita aliacha sanduku lianguke. Alisema hajalala, kwamba ameacha famasi kwa mtu asiyejua kutofautisha dawa ya mafua na peremende, kwamba amesafiri usiku mzima akijua atamkuta baba yake amelazwa au ameuza karakana kwa kanisa la vipaza sauti. Alisema mengi, na sauti ilipomkauka aliinama kuichukua chupa ya chai.

Mzee aliweka mkono juu ya kizibo. "Bado."

"Bado nini?"

"Hakuna boni."

"Papa, nimetoka Leicester."

"Hata ungetoka mbinguni," mzee alisema. "Wewe ndio wa kwanza leo. Umeshika, umeuliza. Nunua kitu."

Mpita njia mmoja akapunguza mwendo. Kavita alimtazama baba yake, akatazama rafu, akatazama mafundi waliokuwa wanatazama viatu vyao. Kisha akaenda kwenye boksi la nati, akachukua moja, ndogo kuliko zote, akapekua mfuko wa koti. Hakuwa na pesa za huku. Akampa sarafu yenye kichwa cha malkia.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Akaigusisha kwenye paji la uso, kama alivyofanya kwa kila boni tangu ujana wake, akaitia kwenye droo. Ndipo akafungua chupa. Chai ya kwanza ilimwagika chini, kwenye maji.

Walipokuwa wamekunywa, Kavita alikumbuka hasira yake. Alikuja mpaka mlango wa chumba cha grisi, akamtazama Chepkemei juu hadi chini, akauliza ni nani aliyemfungia.

Chepkemei alikuwa ameiandaa hotuba kwa siku nyingi. Ilikuwa na utangulizi. Kilichotoka ni, "Mimi, Madam."

"Mkono wake," mzee alisema kutoka nyuma, bado na kikombe. "Mdomo ni wangu."

"Kwa nini sasa, Papa?"

"Unaangalia kila siku na hununui."

Bethwel alishindwa. Alicheka mpaka akakaa chini, wenzake wakamfuata, na Kavita, ambaye kwa namna alivyokunja uso ilionekana alikuwa amechagua kulia, akajikuta yuko pamoja nao. Chepkemei peke yake hakucheka. Alikuwa anasubiri hukumu, na mfuko wa riwaya ulikuwa mguuni pake.

Kavita aliuona ule mfuko. Alimwambia afungue zile anwani mbili, na Chepkemei akazifungua. Kisha akamwambia, bila kucheka sasa, kwamba siku nyingine mzee akimwamuru afunge mtu, ampigie yeye simu kwanza. Chepkemei alirudia maneno hayo kichwani mara kadhaa kabla hajaelewa kilichokuwa ndani yake. Siku nyingine. Aliusukuma mfuko chini ya meza kwa kisigino.

Kavita alikaa hadi mvua zilipokatika. Aligundua kwamba baba yake, kwa muda asiotaka kuusema, alikuwa anakula mkate na achari, akisimama. Alipika. Alimpeleka kwa daktari wa macho, akampeleka kwa Shital kuomba radhi kwa jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka. Asubuhi alikaa kwenye stuli ya pili, kando ya baba yake, wakigombana mbele ya barabara kwa lugha mbili, na alijifunza kumwaga maji kulia na kushoto. Yake yaliwapata watu wawili. Alipoondoka aliichukua ile nati, na akaahidi kurudi Desemba, na mzee akamwambia ahadi si boni.

Asubuhi iliyofuata safari yake mzee alikuja mlangoni kwa Chepkemei kama zamani. Tarehe ya Texas ilikuwa imegeuka. Roboti ilikuwa imepita, haikuhesabiwa. Nyuma yake, alfajiri ya Uingereza, Leicester ilikuwa imeingia moja kwa moja kwenye picha ya wiki, ambayo safari hiyo ilikuwa na watu wawili kando ya mashine.

"Nani wa kwanza?"

"Leicester, Mzee."

Mzee Tejinder aliitikia kwa kichwa tu, akageuka kurudi kwenye stuli. Hakusema funga. Na hapo Chepkemei, ambaye mwaka mzima na zaidi hakuwahi kumuuliza kitu, alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kabla hajaizuia.

"Mzee, siku ile uliposema nifunge. Ulijua ni Kavita?"

Alisimama. Alikuwa bado ameshika kile kikombe cha bati kisicho na mkono, tupu.

"Nilijua," alisema. "Picha ilikuwa inamtosha."